Fimbo, simu au mkono wa mtu: uanze na kipi macho yakipungua?

Mtu mzima akipoteza macho, iwe kwa glakoma, kisukari au ajali, ndugu huchangishana. Fedha zikipatikana linabaki swali moja: tumnunulie nini? Mara nyingi jibu ni simu janja ya bei mbaya, kwa sababu kijana mmoja wa ukoo ameona video ya simu inayotaja noti. Fimbo nyeupe haitajwi, au inatajwa kwa kunong'ona, maana inatangaza mtaani jambo ambalo nyumbani bado halijakubalika.

Mimi sioni, na ninaishi Dar es Salaam. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mzima aliyepoteza macho, pamoja na nduguze. Mtoto asiyeona njia yake ni nyingine, inaanzia shuleni: Buigiri au Uhuru Mchanganyiko kwa hapa Tanzania, Thika kwa wenzetu wa Kenya.

Kabla ya kununua chochote, hospitali kwanza. Mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu kubwa za upofu duniani, na huondolewa kwa upasuaji. Yuko mzee anayeshikwa mkono kijijini miaka nenda rudi ambaye alichohitaji ni meza ya upasuaji tu. Glakoma ni habari nyingine. Kilichopotea hakirudi, na dawa hulinda kilichobaki, kwa hiyo usiache matone kwa sababu umeshanunua fimbo.

Kila kifaa nakipima kwa maswali mawili. La kwanza: kikizima au kikikosekana katikati ya safari, nitafika? La pili: nikikitumia, nani mwingine atayajua mambo yangu? Bei naiweka nafasi ya tatu, hata mfuko ukiwa mwembamba. Nimeona vitu vya bei ghali vinavyoanguka kwenye swali la kwanza, na vya bure vinavyoanguka kwenye la pili.

Barabarani: fimbo au mtu

Mtu ana faida ambayo hakuna kifaa kinachoifikia. Anaona tawi linaloning'inia, kioo cha lori lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, bati la kibanda lililochomoza usawa wa paji la uso. Fimbo inashughulika na vilivyo chini. Vya kuanzia kifuani kwenda juu utavijua kwa uso wako. Mtu pia anakuambia duka limefungwa kabla hujalifikia, na kwamba yule anayekuja ni shemeji yako, ujiandae kwa salamu.

Ila mtu ana ratiba yake. Akiugua, akisafiri, akichoka nawe, safari imekufa. Na huku kwetu "mtu" huyo mara nyingi ni mtoto: mjukuu ameshika ncha ya gongo mbele, babu anafuata nyuma, saa ambayo wenzake wako darasani. Familia inayopanga hivyo imewafunga watu wawili badala ya mmoja, na hapo sina lugha laini. Kama hakuna msaidizi mtu mzima, fimbo si jambo la kujadili tena.

Fimbo inakuambia habari za hatua inayofuata: mtaro ulio wazi, ngazi, meza ya machinga, shimo ambalo mfuniko wake umeondoka na wauza chuma chakavu. Haihitaji chaji wala bando. Tena inazungumza na watu wawili. Urefu wake unazungumza na wewe, rangi yake inazungumza na dereva. Hata kihistoria mambo hayo mawili hayakuja pamoja. Mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa Bristol nchini Uingereza aliyepoteza kuona, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamtambue. Mbinu ya kutembea na fimbo ndefu, ukiipeleka kushoto na kulia, ilikuja baadaye Marekani, pale Richard Hoover alipokuwa akiwafundisha askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili.

Hapo utaelewa kwa nini mkongojo wa kuegemea haufanyi kazi hii hata ukipakwa chokaa. Ni mfupi, unakuonyesha shimo ukiwa umeshaliingia. Fimbo ya kutembelea, ikisimamishwa wima, ifike angalau kwenye mfupa wa kifua, na wanaotembea haraka huichukua hadi kwapani. Fimbo ya kiwandani ikikosekana, mti mwembamba, mwepesi na ulionyooka, uliokatwa kwa kipimo hicho na kupakwa rangi nyeupe, utakusogeza mbali kuliko mkongojo wa duka la dawa. Ncha ipite kidogo nje ya mabega, kushoto mguu wa kulia unapotangulia, kulia wa kushoto unapotangulia. Ukipata mwalimu wa kutembea na fimbo, hata kwa siku chache, mlipe. Uliza tawi la Chama cha Wasioona Tanzania lililo karibu, au shule yoyote yenye wanafunzi wasioona.

Ukipata nafasi ya kuchagua: ya kukunja au iliyonyooka? Iliyonyooka inafikisha mtetemo mkononi vizuri zaidi, unatofautisha lami na kokoto bila kufikiri. Ya kukunja ina mpira ndani unaolegea na viungo vinavyochoka. Lakini jaribu kupanda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni na fimbo isiyokunjika, halafu uniambie. Mimi ni wa kukunja. Upande wa ncha, ile nyembamba kama kalamu ni nyepesi ila inanasa kwenye kila ufa wa zege na kukusukuma tumboni. Ile nene inayozunguka inateleza juu ya changarawe, ingawa inachosha kifundo cha mkono. Kwa mitaa yetu yenye mchanga na mawe nachukua nene bila kusita.

Ukipata vyote viwili, vitumie pamoja: shika mtu, na fimbo ibaki mkononi. Wenye nia njema hukukamata mkono na kukuburuta, au kukusukuma kwa nyuma kama mkokoteni. Wageuze kwa upole: "Asante kaka, naomba nikushike mimi." Halafu shika juu kidogo ya kiwiko chake, ukae nusu hatua nyuma. Mwili wake utakuambia penye ngazi kabla mdomo haujasema.

Simu je, haiwezi kuongoza njia? Ramani yake itakufikisha eneo la jirani, na itakosea kwa mita kadhaa. Mita hizo ndizo zenye mtaro. Na kwa Kariakoo, simu iliyo mkononi mwa mtu asiyeona ni mali ya mwingine ndani ya dakika chache. Iache mfukoni, sikioni weka spika moja tu. Sikio la pili ni la pikipiki.

Daladala, bajaji, bodaboda

Hapa nitapita haraka. Daladala ni rahisi, ila unamtegemea konda kukumbuka kituo chako katikati ya kelele zake. Kaa karibu na mlango na umkumbushe mara mbili. Vituo vya mwendokasi vina jukwaa lililo usawa na mlango wa basi, jambo dogo kwa anayeona na kubwa kwa sisi. Msongamano wake ndio unaokatisha tamaa. Bajaji inakushusha mlangoni, na dereva akikuzoea anakuwa namba ya kupiga usiku. Bodaboda ni ya haraka, lakini huoni kona inayokuja, kwa hiyo mwili unachelewa kuinama na dereva. Kwangu ni chaguo la mwisho. Na nauli iwe mkononi, imeshahesabiwa, kabla hujatoka nyumbani.

Simu ya vitufe au simu janja

Swali la pili, la siri, hapa ndipo linapouma.

Simu ya vitufe ina sifa zake. Namba 5 ina kinundu, kwa hiyo kidole kinajua kilipo. Chaji inakaa siku kadhaa. Ikianguka unaiokota na maisha yanaendelea. Mtu wa kupiga na kupokea tu hahitaji zaidi, na mzee wa miaka themanini asisumbuliwe na kioo.

Shida inaanza kwenye pesa. Unaweza kukariri njia ya menyu ya kutuma pesa, namba kwa namba, na wengi wetu tumefanya hivyo. Lakini jina la mpokeaji likitokea ili uthibitishe, huwezi kulisoma. Ujumbe wa muamala ukija, huwezi kuusoma. Utampa simu mtoto wa jirani, au wakala, au abiria aliyekaa pembeni, naye atasoma kwa sauti: umepokea kiasi hiki kutoka kwa fulani, salio lako ni hili. Kuanzia hapo mtaa mzima unakujua. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumtajia wakala namba ya siri ili awafanyie. Wakala anaweza kuwa mwaminifu kuliko mimi, lakini foleni iliyo nyuma yako nayo ina masikio.

Simu janja inalifunga tundu hilo. Simu za Android huwa na TalkBack, programu ya kusoma kioo kwa sauti, bila malipo ya ziada, na ipo sauti ya Kiswahili ya kusomea. Unapitisha kidole kwenye kioo, inataja kilichopo; ukikipata unachotaka, unagonga mara mbili. Katika simu nyingi ukishikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache, inawaka au kuzima. Ina uwezo wa kuficha kioo kiwe cheusi huku wewe ukiendelea kusikia, hivyo aliye pembeni kwenye daladala hachungulii. Weka pia mpangilio wa kutotaja nenosiri kwa sauti, na tumia spika za masikioni unapobonyeza namba ya siri.

Kuna matuta. Menyu za *150*00# na wenzake zina muda maalum. TalkBack ikiwa bado inasoma mstari wa tano, kikao kinakatika. Ongeza kasi ya sauti polepole, wiki hadi wiki, na utashangaa sikio linavyozoea. Programu ya kampuni ya simu haikukimbizi hivyo, lakini baadhi zina vitufe visivyo na majina. Unagusa, unasikia "kitufe" basi, ukabahatishe mwenyewe. Ndugu anayeona akae nawe mara moja, mvipe majina. TalkBack inaruhusu kukipa kitufe jina lako mwenyewe.

Android au iPhone? VoiceOver, msomaji wa kioo wa iPhone, ilikuja mwaka 2009, na wengi walioanza nayo hawataki kusikia kingine. Imetulia na haikwami hovyo. Lakini kwa bei ya iPhone moja unapata Android ya kawaida, fimbo mbili, na chenji ya bando la miezi. Ikivunjika, fundi wa Android yuko kila kona. Ila usinunue ile ya bei ya chini kabisa: TalkBack inakula nguvu za simu, na simu inayojivuta inamkatisha tamaa mtu anayejifunza. Dukani iwashe TalkBack kabla hujalipa. Muuzaji akikasirika, duka lingine lipo.

Noti: vidole, kamera au jirani

Noti za Tanzania zinaongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, kuanzia elfu moja hadi elfu kumi, na mia tano siku hizi ni sarafu. Tofauti ya ukubwa ni ndogo. Ukiwa na noti mbili tofauti mkononi utajua. Ukiwa na moja peke yake, imechakaa na kulowa jasho, ni kubahatisha. Noti za Kenya za mwaka 2019 zimewekewa pia alama za kupapasa kingoni, jambo zuri zikiwa bado mpya.

Programu za simu zinazotaja noti zipo, lakini si kila moja inajua shilingi ya Tanzania. Lookout ya Google, kwa mfano, ina sehemu ya fedha. Kabla ya kuitegemea hakikisha sarafu yako imo. Na hata ikiwemo, kutoa simu na kupiga picha noti mbele ya genge la watu ni kualika macho.

Njia inayonifaa ni ya zamani: kukunja. Elfu moja haikunjwi, elfu mbili inakunjwa mara moja kwa upana, elfu tano kwa urefu, elfu kumi mara mbili na kukaa mfuko wake. Nyumbani ndugu mmoja unayemwamini anakutajia, wewe unakunja, na kwa siku nzima humuulizi mtu. Chenji ndiyo hatari. Muulize muuzaji ataje noti moja moja anapokukabidhi, na kila moja ikunje hapohapo mbele yake. Anayetaka kudanganya huona aibu akitakiwa kutamka uongo noti kwa noti. Kwa fedha nyingi, lipa kwa simu; ujumbe utasomwa sikioni mwako peke yako.

Kusoma: nukta nundu au sauti

Kwa mtoto hakuna mjadala: nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Anayesikiliza tu hatajua neno linaandikwaje. Kwa mtu mzima mizani inabadilika. Kisukari, ambacho kimewachukulia wengi macho, hupunguza pia hisia za ncha za vidole, na nukta sita za Louis Braille ni ndogo. Vitabu vya nukta nundu ni vinene. Kitabu cha kawaida hugeuka majalada kadhaa makubwa. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu ina uzito wa karibu kilo tano na bei yake si ya mchezo. Kibao na sindano ya kutobolea ni rahisi na inaingia mkobani, ila unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa.

Sauti inashinda kwa magazeti, ujumbe, vitabu na barua za benki. Kwenye kompyuta zipo programu za kusoma kioo: NVDA ni ya bure, imekuwepo tangu 2006, na inasoma Kiswahili kwa sauti inayokwaruza kidogo. JAWS ni ya kulipia na ina nguvu kwenye programu za ofisini. Kama si mwajiri anayeilipia, NVDA inatosha.

Hata hivyo, mtu mzima ajifunze angalau herufi za nukta nundu, kwa ajili ya lebo tu. Chupa ya dawa ya asubuhi na ya usiku haziwezi kusubiri simu ipate chaji. Asiyetaka kabisa atumie mipira ya kufungia fedha: mmoja asubuhi, miwili usiku.

Picha, barua zilizoandikwa kwa mkono na rangi ya shati ni kazi ya Be My Eyes, programu ya simu iliyoanzia Denmark mwaka 2015: unapiga simu ya video, mtu wa kujitolea anakuangalizia. Ni bure, isipokuwa bando. Kwa swali langu la siri, huyo ni mgeni ndani ya chumba chako. Muonyeshe shati, tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa, rangi ya taa ya king'amuzi. Kitambulisho, kadi ya benki na majibu ya hospitali, hapana. Hayo akusomee ndugu, au programu inayosoma maandishi ndani ya simu yenyewe.

Wenye uoni hafifu wasiruke moja kwa moja kwenye sauti. Lenzi ya mkono haina chaji na inasoma bei ya unga. Kamera ya simu inakuza zaidi na kugeuza maandishi kuwa meupe juu ya weusi, ambayo macho mengi huyapenda. Taa iliyotoka nyuma ya bega husaidia kuliko miwani mipya mara nyingine. Kingo za ngazi zipakwe rangi ya njano. Wali uwekwe kwenye sahani nyeusi.

Jikoni: mkaa, gesi au umeme

Mkaa unajulikana kwa mkono, lakini unabaki moto saa nyingi baada ya chakula kuiva, na jivu halitoi sauti. Gesi inaunguruma ikiwaka na kunyamaza ikizimwa, na ikivuja inanuka. Kwa asiyeona hizo ni taarifa tatu za bure. Weka sufuria kwanza, uishike ikae sawa, ndipo uwashe. Umeme ni salama zaidi kwa kuwa hakuna ulimi wa moto, ila chagua jiko lenye swichi ya kuzungusha. Majiko ya siku hizi yenye kioo bapa cha kugusa yanapendeza dukani na hayana maana kwetu, labda mtu akuwekee tone la rangi ya kucha juu ya kila kitufe. Likikauka linapapasika.

Miwani inayoongea na fimbo zenye vihisi

Ndugu walioko Ulaya au Marekani huuliza watume nini, na miwani yenye kamera ndiyo habari ya mjini. Ray-Ban Meta inaweza kuunganishwa na Be My Eyes, hivyo mikono inabaki huru, na hilo ni jambo la maana kwa mtu mwenye fimbo. Fimbo kama WeWALK zinatetema kunapokuwa na kitu usawa wa kifua, pale hasa ambapo fimbo ya kawaida haifiki. Sizidharau.

Lakini kabla ndugu hajalipa, aulize: bila intaneti inafanya nini? Inazungumza Kiswahili, au mama atalazimika kujifunza Kiingereza ili aambiwe kuna ukuta? Ikiharibika Tabora, nani ataigusa? Ikiishiwa chaji Ubungo saa mbili usiku, mpini wake bado ni fimbo, au ni mzigo? Majibu yakiwa mabaya, mwambie ndugu atume fimbo tatu za kukunja na ncha za akiba. Zinaingia kwenye begi la mgeni yeyote anayekuja, na moja umpe jirani yako ambaye bado anatembezwa na mjukuu.